Je, Wajua? Asiyeona Alimkokota Anayeona

Sydney, 2000. Michezo ya Paralimpiki, fainali ya mita 5,000. Henry Wanyoike wa Kenya, asiyeona, anaelekea ushindi. Mstari wa mwisho ukiwa karibu, mwongozaji wake mwenye macho mazima anaishiwa nguvu. Wanyoike anamkokota hadi mwisho. Dhahabu!

Miaka 5 tu kabla ya hapo, alilala akiona. Kiharusi cha usiku mmoja kikampofusha.

Kabla ya medali alijifunza kufuma sweta. Vidole vilitangulia kurudisha matumaini, miguu ikafuata.

Na ajabu ya Aprili 2005: akiunganishwa kwa kamba fupi na rafiki wa utotoni, Joseph Kibunja, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wasioona London. Siku 7 baadaye, Hamburg, akaivunja tena.