Mtu na Sosiete Yake Si Kitu Kimoja



Likizo iliyopita nilikuwa hapa Tunda, na kijana mmoja wa darasa la sita Komersiale alinisimamisha njiani. Akaniuliza: «Yaya, wewe unasoma biashara. Sasa hiyo sheria ya mataifa unaisoma juu ya nini? Unataka kuwa avoka?» Nilicheka, lakini swali lilinibaki kichwani, juu mimi mwenyewe niliuliza vile siku tulipopewa silabusi ya somo hilo. Wengi wetu tulisema ni somo la kujaza mwaka tu. Kwetu biashara ilikuwa hesabu, bei na soko; sheria tuliwaachia watu wa sheria.

Kilichonigeuza ni mabati ya mjomba wangu.

Mjomba aliagiza mabati kwa mchuuzi mmoja wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Alilipa nusu. Njia mnaijua: bato kutoka Kigoma mpaka Kalemie, kisha treni kupitia Kabalo na Kongolo mpaka Kibombo, kisha kinga na miguu mpaka huku kwetu. Mabati yalifika yakiwa yameloa na kushika kutu, mengine yameshikamana kama kurasa za kitabu kilichoanguka ndani ya maji. Mjomba akakataa kulipa nusu ya pili. Yule wa Kigoma naye akadai: «Mimi nilipakia mabati mazuri. Mambo ya ziwa si yangu.»

Nilimuuliza mjomba: «Mlikuwa na karatasi?»

«Karatasi ya nini? Tulikuwa tunajuana.»

Nilidhani kosa ni hilo tu. Kumbe silabusi ilinifundisha mengine. Kuna Mapatano ya Vienne ya mwaka 1980 juu ya uuzaji wa vitu kati ya watu wa mataifa mbalimbali. Kongo iliyakubali mwaka 2014, nayo yakaanza kutumika kwetu tarehe 1 Julai 2015. Nayo hayadai karatasi hata kidogo! Yanasema mapatano ya kununua na kuuza yanaweza kuwa ya mdomo, na kuthibitishwa hata kwa mashahidi. Nilifurahi, nikafikiri mjomba amepona.

Sikuwa nimesoma mbele. Mapatano hayo yanajitia yenyewe kazini kama muuzaji na mnunuzi wanakaa katika nchi mbili ambazo zote zimeyakubali. Burundi imeyakubali. Uganda pia. Tanzania haimo. Maana yake, kama mjomba angenunua mabati yale Bujumbura, tungejua mara moja ni sheria gani ya kufungua. Kwa kuwa alinunua Kigoma, sherti kwanza kutafuta: tufuate sheria ya Kongo, ao ile ya Tanzania yenye mizizi ya Kiingereza? Msidhani kwamba kuingia kwa Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kulimaliza neno hilo. Jumuiya inashughulika na duwane na njia na mengine mengi, lakini haikufanya sheria ya mauzo kuwa moja.

Na hata kama Mapatano ya Vienne yangetumika, yana kifungu kinachouma. Kama vitu ni vya kusafirishwa, na hamkupatana mahali maalum pa kuvitoa, hatari inamhamia mnunuzi tangu muuzaji anapovikabidhi kwa msafirishaji wa kwanza. Msafirishaji wa kwanza ni bato. Kwa hiyo maji ya ziwa yalikuwa ya mjomba! Mlango mdogo tu ulibaki: kama mabati yalifungwa vibaya, yaani hayakufunikwa namna inavyofaa kwa safari kama ile, kosa linamrudia muuzaji. Lakini nani alipiga picha siku ya kupakia? Hakuna.

Herufi tatu zingetosha kuzuia yote hayo. Chama cha Biashara cha Mataifa, kule Paris, tangu 1936 kinatoa orodha ya maneno mafupi yanayoitwa Incoterms. Orodha ya 2020 inayo 11. Ukiandika «DAP Kibombo», muuzaji anabeba hatari mpaka mabati yafike Kibombo, tayari kushushwa. Ukiandika «FCA Kigoma», hatari ni yako tangu Kigoma, na bei sherti iwe chini. Mjomba alipata bei ya FCA na moyo wa DAP.

Sasa niwaeleze kesi iliyonifanya nipende somo hili kabisa, juu ilitoka katika nchi yetu na ikafika mbali. Bwana Ahmadou Sadio Diallo, mtu wa Guinea, alikuja kukaa hapa mwaka 1964. Alifungua sosiete mbili zilizoandikishwa Kinshasa: Africom-Zaire, mwaka 1974, ya kuingiza na kutoa bidhaa, na Africontainers-Zaire, mwaka 1979, ya kusafirisha vitu ndani ya makontena. Zote mbili zilikuwa mkononi mwake kabisa. Sosiete hizo zilikuwa zikidai madeni makubwa, kwa serikali na kwa makampuni ya mafuta. Akafuatilia madeni hayo mbele ya tribinali. Novemba 1995 akakamatwa, akafungwa siku 66 mfululizo, na tarehe 31 Januari 1996 akapandishwa ndege na kufukuzwa katika inchi. Karatasi aliyopewa ilisema «kukataliwa kuingia», yeye aliyekaa humu zaidi ya miaka 30.

Serikali ya Guinea ikamshika mkono mwananchi wake. Desemba 1998 ikaishitaki Kongo mbele ya Mahakama ya Kimataifa, La Haye. Ilidai haki za mtu, na haki za sosiete zake pia.

Hapo ndipo mwanafunzi wa biashara atege masikio. Mwaka 2007 Mahakama ilijibu hivi: Guinea inaweza kusema kwa ajili ya Diallo mwenyewe, mwili wake na haki zake kama mshirika. Lakini haiwezi kusema kwa ajili ya sosiete. Kwa nini? Diallo ni raia wa Guinea, lakini sosiete ziliandikishwa Kinshasa, basi ni raia wa Kongo. Hata kama mwenye nazo ni mmoja, sosiete ni «mtu» mwingine mbele ya sheria, mwenye jina lake, mali yake, madeni yake na uraia wake. Guinea haikuwa mama wa mtoto huyo.

Mwaka 2010 Mahakama ikahukumu kwamba kumfunga na kumfukuza kulivunja sheria ya mataifa, na kwamba hakuambiwa haki yake ya kuitisha msaada wa ubalozi wake. Lakini haki zake za mshirika, kama vile kushiriki mikutano ya sosiete, Mahakama iliona hazikuvunjwa: angeweza kumtuma mtu kumwakilisha. Na mwaka 2012 malipo yakakatwa. Guinea ilikuwa imeomba zaidi ya dolari milioni 11. Mahakama ikatoa 95,000: ndiyo 85,000 juu ya mateso ya moyo, na 10,000 juu ya vitu vyake vya nyumbani. Ilidaiwa pia kwamba alikuwa akipata dolari 25,000 kila mwezi kama msimamizi wa sosiete. Kwa hiyo hakupewa kitu, juu hakukuwa na karatasi za benki wala za kodi za kuthibitisha.

Miaka 16 tangu ndege ile. Nilisoma hukumu usiku, kwa taa ya betri, na niliona huruma na hasira pamoja. Wengine darasani walisema Mahakama ilimdhulumu. Mimi nasema hapana, na najua si wote watanikubali: ukuta kati ya mtu na sosiete ndio unaomlinda mfanyabiashara siku ya kufilisika. Wenye kudai sosiete hawaji kuchukua kitanda chake na nyumba ya watoto wake, isipokuwa kama yeye mwenyewe alitia sahihi ya dhamana. Huwezi kusimama nyuma ya ukuta siku ya deni, kisha kuuvunja siku ya faida.

Jambo hili linatugusa zaidi tangu tarehe 12 Septemba 2012, siku sheria za OHADA zilipoanza kutumika Kongo. OHADA ni umoja wa nchi 17 za Afrika, uliozaliwa kwa mapatano ya Port-Louis ya 17 Oktoba 1993, ili sheria ya biashara iwe moja. Sheria hizo zinamruhusu hata mtu mmoja peke yake kufungua sosiete. Na kesi ya deni la biashara ikianzia Kindu, ikipanda mpaka ngazi ya mwisho, haiendi Kinshasa: inaenda Abidjan, kwa Mahakama ya pamoja. Mwenye duka wa hapa kwetu ambaye hajui hilo anaweza kulipa avoka bure.

Kwa ninyi wa Komersiale, ushauri wangu ni mmoja tu: msisome somo hili kwa kukariri vifungu. Nilijaribu, nikapata 9 juu ya 20. Chukueni kesi moja, mjiulize nani alipatana na nani, mtu ao sosiete. Sheria ya wapi. Nani atakata neno. Vifungu vitakuja vyenyewe. Na fakture zile mnazoziandika kila wiki kwa kuchoka, zishikeni vizuri, juu ndizo ushahidi.

Mabati mjomba aliyauza kwa bei ya kuezekea majiko. Ile nusu ya pili walikubaliana kuigawa, bila tribinali, baada ya simu nyingi. Mwezi uliopita aliniletea karatasi ya oda mpya, ameiandika mwenyewe kwa mkono mzuri: hesabu ya mabati, bei, «DAP Kibombo», hata picha za kupakia amezidai. Nikamsifu. Kisha nikatazama chini. Duka lake liliandikishwa kama sosiete mwaka jana, lakini alikuwa ametia sahihi kwa jina lake tupu.

«Mjomba, hapa nani ananunua? Wewe, ao sosiete?»

Akanyamaza kidogo. «Leta kalamu,» akasema.