Mjane na Yatima Ndani ya Kompyuta

Pita steshenari yoyote iliyo karibu na chuo msimu wa kukabidhi tasnifu. Hutakosa mwanafunzi anayebonyeza Enter mfululizo, kama anayetwanga, ili "Sura ya Tatu" ishuke hadi ukurasa mpya. Ikishuka, naye anashusha pumzi. Kesho yake msimamizi anadai aya moja zaidi katika Sura ya Pili, na kichwa kile kinaibukia katikati ya ukurasa. Mwanafunzi huyo niliwahi kuwa mimi. Nakala tatu zilikwisha jalidiwa.

Je, wajua kwamba faili la Word au LibreOffice Writer halitunzi kurasa? Linatunza aya. Programu hupima karatasi, pambizo na fonti, ndipo hukata kurasa, na hukata upya kila unapoongeza maneno. Enter zako zote ni aya tupu, nazo husukumwa pamoja na zilizoandikwa.

Dawa imo katika mtindo wa aya, yaani maagizo yaliyofungwa pamoja na kupewa jina. Vipe vichwa vyote vya sura mtindo mmoja, kisha uuagize mara moja tu: kabla ya aya hii, ukurasa mpya. Ongeza aya kumi, badili fonti, kila sura itaanzia juu. Wala si jambo la jana: Word ya kwanza, mwaka 1983, ilikuwa na mitindo. Charles Simonyi, aliyeongoza kazi hiyo, alitokea maabara ya Xerox PARC, California, ambako yeye na Butler Lampson waliunda programu ya kuandikia iitwayo Bravo mwaka 1974.

Mtindo huohuo hutunza wafiwa. Katika lugha ya wapiga chapa wa Kizungu, mstari wa mwisho wa aya ukiangukia peke yake juu ya ukurasa unaofuata huitwa mjane. Wa kwanza ukiachwa peke yake chini, yatima. Programu huwazuia kwa kuhamisha mstari mmoja au zaidi ili mpweke apate mwenzake.

Lipo pia agizo la kushikana na aya inayofuata, linalozuia kichwa kubaki chini ya ukurasa bila maneno yake. Hilo viachie vichwa. Aya zote zikishikana, programu hukosa pa kukata, nayo hukata pale karatasi inapoishia.