Makala Ipungue Jikoni, Mbabula Ilale Nje

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba, mfuko wa makala unakula sehemu kubwa ya mshahara. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiingia, makala inaisha upesi zaidi. Ndipo wengine wanafanya hesabu hii: mbabula iliyopika bukari bado ina moto, tuiingize chumbani, tufunge mlango, watoto wapate joto bila makala mpya. Hesabu hiyo inaua.

Watu wanaogopa moshi. Makala ikishakuwa nyekundu, moshi hakuna tena, wanafikiri hatari imekwisha. Sivyo. Makala nyekundu inatoa gazi isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gazi hiyo inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa hata kama mtu anapumua. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anatapika, miguu inalegea. Lakini aliyelala hasikii hayo. Anaendelea kulala, na asubuhi haamki. Wewe unayeshuka chini ya ardhi huwezi kukubali kufanya kazi mahali hewa haipiti. Kwa nini ukubali mtoto wako alale hivyo? Na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Ukikuta mtu amepatwa, fungua milango, mtoe nje mara moja, umpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema ni mzima. Huko atapewa oksijeni. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya mawese: hayatoi gazi katika damu, na mtu aliyezimia yanaweza kumsakama. Mama mwenye mimba asichelewe hata kidogo.

Basi makala tuipunguze wapi? Kwenye sufuria. Maharagi, kwanza, ndiyo adui mkubwa wa mfuko. Yaloweke tangu jioni, asubuhi umwage maji yale, upike kwa maji mapya. Yataiva upesi zaidi. Funika sufuria. Tena, Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200, na hapa maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Hiyo ni sababu moja ya maharagi kukawia. Ukiongeza makala wakati maji yanachemka tayari, joto la maji halipandi; maji yanakauka tu, na franka zako pamoja nayo. Yakianza kuchemka, punguza moto.

Maji ya kunywa vilevile. Wengi wanayaacha yachemke nusu saa. Yakichemka kwa nguvu dakika moja, vijidudu vya kuhara vimekufa. Ondoa, funika, yapoe.

Baridi ya usiku tuipige kwa blanketi, soksi na kofia ya mtoto. Hata gazeti la zamani linaweza kuziba upenyo chini ya mlango, maadamu hakuna moto ndani.

Makala iliyobaki usiimwagie maji, mvuke unachoma mikono. Itie kwa koleo katika ndoo ya chuma yenye kifuniko kinachobana. Ikikosa hewa itazimika, na kesho utapikia chai. Ndoo hiyo ilale nje pia, kwa sababu makala inayozimika bado inatoa gazi.