Je, Wajua? Volti Kidogo, Gemu Laini

Kwa vijana wa Kisangani wanaocheza gemu kwenye kompyuta za bei nafuu: kuna nguvu ambayo tayari mmeilipia.

Je, wajua kwamba prosesa nyingi hupewa volti nyingi kuliko zinavyohitaji? Vipande vya silikoni havilingani ubora, hivyo kiwanda huweka ziada ili hata kilicho dhaifu kifanye kazi. Chako huenda kikatosheka na kidogo.

Je, wajua kwamba umeme unaoliwa na kazi ya prosesa hufuata mraba wa volti? Punguza volti kwa asilimia 10, kasi ikibaki ileile, na ulaji huo unashuka kwa asilimia 19.

Je, wajua kwamba volti ikishuka, kasi yaweza kupanda? Ryzen 5 5600X huandikwa wati 65, na kikomo chake halisi ni wati 76. Kila wati inayookolewa chini ya kikomo hicho huiachia prosesa nafasi ya kukimbia zaidi.

Je, wajua udhaifu wa madabodi rahisi uko wapi? Ni katika sakiti iliyo kando ya soketi, inayogeuza volti 12 kuwa volti 1 na kitu. Mara nyingi haina hata kipande cha chuma cha kuipoza. Ikichemka, prosesa hupunguziwa kasi na gemu hukwama-kwama. Kisangani iko takribani kilomita 60 tu kutoka ikweta; hapa feni hupuliza hewa ambayo tayari ina joto.

Je, wajua kwamba almasi, inayouzwa na kununuliwa mjini humu, hupitisha joto takribani mara tano ya shaba? Sisi wenye vipozeo vya alumini tupunguze joto kwenye chanzo chake.

Je, wajua kwamba kituo cha umeme cha mto Tshopo kina uwezo usiofika megawati 20, kwa mji wenye watu zaidi ya milioni moja? Anayecheza kwa jenereta au betri za sola hunufaika na kila wati anayookoa.

Je, wajua kwa nini baadhi ya kompyuta za Intel hukataa kushushwa volti? Desemba 2019 watafiti walitangaza shambulio la Plundervolt, lililotumia mlango huohuo wa kushushia volti, na Intel ikaufunga kwa masasisho ya BIOS.

Je, wajua kwamba volti pungufu haiunguzi prosesa? Huizimisha tu au kuigandisha, na faili lililokuwa likiandikwa laweza kuharibika, kwa hiyo hifadhi kazi yako kwanza. Anza na volti 0.05 chini ya kiwango cha kawaida, jaribu kwa saa nzima, kisha shuka taratibu. Kompyuta ikigoma kuwaka, ichomoe kwenye umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, uirudishe: kwa kawaida mipangilio ya kiwandani hurudi.

Je, wajua kwamba gemu ikibanwa na kadi ya picha, fremu hazitaongezeka? Hapo utavuna ubaridi na utulivu wa feni. Pima fremu na joto kabla na baada, kisha uamini vipimo vyako.