Kiraka na Kipimo cha Baruti katika Bunduki ya Kushindilia

Mwezi huu twataka kunena habari ya bunduki ya kushindilia, yaani ile ambayo baruti na risasi huingizwa kwa mdomo wa kasiba na kusukumwa chini kwa mdeki. Kwetu twaiita gobore, na wengi hudhani ya kuwa kuishindilia hakutaki elimu: konzi ya baruti, tambara, risasi, basi. Dhana hiyo imewapotezea watu vidole na macho. Wawindaji wa Marekani waliichunguza kazi hii kwa bidii nyingi, na yafaa tutazame walivyofanya.

Katika karne ya 18 mafundi wa asili ya Kijerumani waliokaa Pennsylvania, hasa pande za Lancaster, walifanyiza bunduki ndefu zenye mifuo ndani ya kasiba. Mifuo hiyo yazunguka kama uzi wa parafujo, nayo huizungusha risasi ipate kwenda bila kuyumba. Lakini risasi ya duara ikiwa na upana sawasawa na kasiba, haishuki ila kwa nguvu nyingi; ikiwa ndogo, huteleza tu wala haishiki mifuo. Dawa ya shida hiyo ilikuwa kiraka, kipande cha nguo kilichopakwa mafuta, chenye kuizunguka risasi. Nguo hujaa katika mifuo, huishika risasi, na kuuzuia moto usipite kando yake. Risasi ikiisha kutoka, kiraka huanguka. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole: askari wa bunduki laini aliweza kupiga mara tatu kwa dakika, na mwenye bunduki ya mifuo kama mara moja tu. Hata hivyo watu wa Daniel Morgan, waliopigana Saratoga mwaka 1777 kwa bunduki hizo, waliogopwa kwa shabaha yao.

Basi, nguo gani yafaa? Ni pamba au kitani kilichofumwa kwa kubana, kama kile kitambaa kigumu cha kushonea magodoro. Nguo mpya huwa na dondo, kwa hiyo hufuliwa kwanza na kukaushwa. Nguo za nyuzi za kiwandani zenye kuyeyuka kwa moto hazifai kabisa. Mafuta ni shahamu ya mnyama iliyochanganywa na nta. Na mtu apigaye shabaha papo hapo hutumia mate tu. (Wawindaji wa kale walikuwa wakiweka risasi kinywani. Msifanye hivyo, wala watoto wasichezee risasi, kwa maana ni sumu.)

Twaa mfano wa kasiba yenye upana wa milimita 12.7. Wengi huipa risasi ya milimita 12.45 na kiraka chenye unene wa karibu milimita 0.4. Msomaji mwenye hesabu ataona kwamba vitu hivi havienei. Ndivyo ipasavyo, maana nguo hubanwa na kuingia mifuoni. Lakini risasi ikikataa kushuka kwa mdeki wa mkono, kiraka ni kinene mno.

Kisha huja jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Mpigaji akiisha kupiga, huenda mbele hatua chache akaokota viraka vyake, akavisoma kama barua. Kiraka chema kina alama nyeusi ya duara katikati na mistari ya mifuo kandokando, nacho ni kizima. Kikiwa kimeungua katikati, moto umepita: nguo ni nyembamba, au mafuta ni haba, au baruti ni nyingi. Kikiwa kimekatwa mviringo kama kwa kisu, kuna ukali mdomoni mwa kasiba au katika kingo za mifuo, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kipimo cha baruti nacho hutafutwa kwa kujaribu. Kwa kasiba ile tuliyoitaja, mtu huanza na gramu 3¼ hivi, hupiga mara tano katika shabaha moja, kisha huongeza theluthi moja ya gramu na kupiga tena. Hutazama ni kipimo gani kinachokusanya matundu karibu karibu, asipite kamwe mpaka uliowekwa na mfanyizaji. Bunduki mbili za fundi mmoja huweza kupenda vipimo mbalimbali. Daudi naye aliyavua mavazi ya vita ya Sauli kwa sababu hakuwa ameyajaribu, akaenda na kombeo aliyoijua.

Baruti inayonenwa hapa ni ile nyeusi tu, ya shura, makaa na kiberiti. Baruti isiyo na moshi, iliyomo katika risasi za siku hizi, hupasua kasiba. Tena baruti isimiminwe kutoka pembeni moja kwa moja, maana cheche iliyobaki ndani huweza kuilipua pembe mkononi. Kwanza itiwe katika kipimo. Na risasi sharti ikae juu ya baruti bila nafasi, kwa kuwa nafasi hiyo huweza kuipasua kasiba. Ndiyo sababu mdeki hutiwa alama mbili, moja ya bunduki tupu na moja ya bunduki iliyoshindiliwa sawasawa.

Magobore yetu mengi hayana mifuo. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia bunduki za mifuo zisiletwe katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaachilia zile laini za gumegume. Katika hizo nguo ni kizibo tu, haizungushi risasi. Lakini sheria za kipimo na nafasi ni zile zile. Ama gobore lililofanyizwa kwa bomba la maji, hilo halina kipimo kilicho salama, hata kidogo. Mwalimu akiliona nyumbani kwa mtu, asinyamaze.

Baada ya kupiga, kasiba huoshwa siku ile ile kwa maji ya moto, ikakaushwa na kupakwa mafuta, kwa maana masizi ya baruti huvuta unyevu, na kutu huanza upesi.