Unaleta kuku mdogo uani? Usimfungulie siku ya kwanza

Matemwe, Kaskazini Unguja. Kuku mdogo akishuka kwenye daladala na kufunguliwa kamba uani siku hiyohiyo, haichukui muda kabla hajachubuliwa kichwa. Si kwamba kuku wenyeji wana roho mbaya. Kuku wana ngazi yao ya nani amdonoe nani, na mgeni huanzia chini. Akiwa mdogo wa umbo, kama bantamu au ching'wekwe wa Bara, na uani kuna kuchi na chotara, kazi anayo.

Wafugaji huwapenda wadogo hawa kwa sababu wanakula kidogo na wanaatamia vizuri. Lakini ili afikie kuatamia, mpitishe hatua hizi.

Wiki 3 peke yake

Ugonjwa ni hatari kuliko midomo ya wenzake. Mdondo, au kideri, hauna tiba, na kuku anaweza kuonekana mzima siku unayomnunua, kisha akamaliza banda zima. Mtenge mgeni mbali na wengine, awe na chombo chake cha maji. Hudumia kwanza kuku wa zamani, mgeni awe wa mwisho, halafu nawa mikono na ubadili ndara.

Kinga ni chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila miezi 3. Tone ni lilelile kwa kuchi na kwa bantamu, mdogo hapunguziwi. Wa zamani wachanje angalau wiki 2 kabla ya kuchanganywa na mgeni.

Waonane bila kugusana

Baada ya hapo, wiki 1 ya kuzoeana kwa macho. Mfunike mgeni kwa tenga kivulini saa chache kila siku, wenzake wakizunguka nje. Nyavu kuukuu za kuvulia zinafaa kuzungushia uzio, ila zikazwe. Zikilegea, kuku hunasa miguu.

Muingize usiku

Kuku haoni vizuri gizani. Mpandishe kwenye fito za kulalia wenzake wakiwa wamelala, na alfajiri uwepo wewe kabla banda halijafunguliwa. Usichague siku za bamvua, ambapo kinamama wako pwani kwenye mwani kwa saa nyingi. Lazima mtu abaki nyumbani. Na kama uwezo upo, lete wawili, maana mmoja huonewa peke yake.

Mpe mlango wake

Weka chakula na maji sehemu mbili au tatu. Kisha chukua boksi gumu la mbao, toboa tundu linalompitisha yeye tu, na ndani weka maji na punje kidogo. Akifukuzwa anajua pa kukimbilia. Hapo udogo wake ndio unaomwokoa.

Jogoo na damu

Jogoo wa kuchi akimpanda tetea mdogo anaweza kumchana mgongo, hivyo watenganishe. Ukiona damu, mtoe mara moja, kwa sababu kuku huendelea kudonoa palepale penye wekundu. Osha kidonda kwa maji ya chumvi, na asirudi mpaka kikauke.

Vifaranga na kunguru

Kunguru waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na mpaka leo wanabeba vifaranga. Vya kuku mdogo ni vidogo zaidi, hata mama yao hana ubavu wa kuwazuia. Wiki za mwanzo vikae ndani ya tenga.

Kudonoana kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Lakini wiki 2 zikipita na mgeni bado hali, amejikunja pembeni, usimlazimishe. Mjengee kibanda chake. Ataatamia hukohuko, na vifaranga vyake vikikulia uani hapo, vitakuwa wenyeji tangu mwanzo.