Akiba ya Nguvu Ndani ya Magari ya Zamani ya Turbo

Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa kampuni ya General Electric, alipakia injini ya ndege aina ya Liberty kwenye lori na kuipandisha hadi kilele cha mlima Pikes Peak katika jimbo la Colorado, kama mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Bondeni injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 350. Kule juu, penye hewa haba, nguvu hizo zilianguka hadi 230. Moss alipoifungia kifaa chake cha kuisukumia hewa, ikatoa 356. Injini ni ile ile na petroli ni ile ile. Kilichoongezeka ni hewa.

Kifaa hicho ni turbo. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyekichukulia hataza mwaka 1905. Ndani yake mna pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi wa eksozi, ambao joto lake laweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi, huzungusha pangaboi ya kwanza. Ya pili, kwa kuwa imeungana nayo, huvuta hewa ya nje, huibana na kuishindilia ndani ya silinda. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Takriban theluthi ya nishati iliyomo kwenye petroli hutoroka pamoja na moshi, na turbo hurudisha kazini sehemu ya nishati hiyo.

Hesabu inayofuata si ngumu. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote, inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Silinda haiwezi kuchoma petroli inayozidi hewa iliyomo. Anayetaka nguvu zaidi ana njia mbili kuu: atafute injini kubwa, au aishindilie hewa zaidi injini aliyonayo. Kwenye gari lenye turbo, njia ya pili huweza kuanza kwa kurekebisha valvu moja tu, ile inayoamua kiasi cha moshi kinachopita kando bila kugusa pangaboi. Ndiyo maana mafundi wa kutuni injini, yaani kuziongezea nguvu, hulipenda gari la turbo kuliko jingine lolote.

Dereva wa Afrika Mashariki anayaona haya bila maabara. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Injini ya turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa sababu hewa yake hubanwa kabla ya kuingia. Si ajabu, basi, kwamba kuanzia 1984 hadi 2002 kila gari lililotwaa ushindi wa Safari Rally lilikuwa na turbo. Toyota Celica ilianza mfululizo huo kwa kushinda 1984, 1985 na 1986, zikafuata Audi, Lancia Delta Integrale, Mitsubishi, Subaru na Ford. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda akiwa na Celica yenye turbo na inayosukumwa na magurudumu yote manne.

Celica ina kisa kingine kinachoonyesha thamani ya hewa. Katika mashindano ya dunia, magari yalilazimika kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34 ili nguvu zisizidi kiasi. Mwishoni mwa 1995, kwenye mbio za Catalunya huko Hispania, wakaguzi waligundua kwamba kidhibiti cha hewa cha Toyota kilikuwa na ujanja wa kutisha. Mpira wa hewa ulipofungwa na kukazwa, kidhibiti kilisogea kama milimita 5 kutoka kwenye turbo, hewa ikapenya pembeni. Mpira ulipofunguliwa kwa ukaguzi, springi zilikirudisha mahali pake, na jicho halikuona kitu. Toyota ilinyang'anywa pointi za msimu na kufungiwa miezi 12. Yote hayo kwa mwanya mwembamba kuliko kidole.

Barabarani, mwanzo haukuwa laini. Mwaka 1962 Oldsmobile Jetfire ya Marekani ilihitaji tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli ili injini isijiharibu. BMW 2002 Turbo ya 1973 iliandikwa neno "turbo" kinyume kwenye uso wake, ili dereva wa mbele alisome sawasawa katika kioo chake. Ilitoka wakati wa mgogoro wa mafuta, na yakatengenezwa magari 1,672 pekee. Porsche 911 Turbo ya 1975, yenye injini ya lita 3 na nguvu za farasi 260, ilikuwa na tabia ya kunyamaza kwanza unapokanyaga mafuta, kisha kuruka ghafla turbo ikishashika kasi. Madereva wengi walishtukizwa na mruko huo wakiwa katikati ya kona.

Kilele cha hadithi hii kiko Japani, kati ya 1989 na 2004.

Katika miaka hiyo kampuni za magari za Japani zilifuata makubaliano ya kiungwana: hakuna gari la kuuzwa nchini humo ambalo lingetangazwa kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280 kwa kipimo cha Kijapani. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha. Toyota Supra ya 1993, yenye injini ya lita 3, ilitangazwa kuwa na 280. Nissan Skyline GT-R ya lita 2.6, 280. Mitsubishi Lancer Evolution IV ya 1996, lita 2 tu, nayo 280. Injini tatu za ukubwa tofauti zilivalishwa namba moja, na mnunuzi mwerevu alijua kwamba baadhi yake zimefungwa breki kiwandani.

GT-R ya 1989, ijulikanayo kwa jina la R32, ndiyo mfano ulio wazi. Kanuni za mbio za Kundi A ziliichukua injini ya turbo na kuzidisha ukubwa wake kwa 1.7 kabla ya kuipanga katika daraja lake. Nissan ikaunda injini ya RB26DETT yenye sentimita za ujazo 2,568. Zidisha, unapata kama 4,366, chini kidogo ya kikomo cha 4,500. Kwa kuwa kanuni zilidai pia maelfu ya magari ya aina hiyo yauzwe kwa umma, mtu wa kawaida aliuziwa injini ambayo bloku yake ilikusudiwa kuhimili nguvu za mbio, zaidi ya farasi 500. R32 ilishinda mbio zote 29 ilizoshiriki katika ubingwa wa Japani wa 1990 hadi 1993, ikatwaa pia mbio za Bathurst za Australia mwaka 1991 na 1992. Katika gari la barabarani, Nissan iliweka kizuizi kidogo ndani ya mpira mwembamba wa kuongoza shinikizo la turbo. Kukitoa ni kazi ya dakika chache.

Lakini akiba hiyo ina mipaka. Pangaboi ya upande wa moshi ya R32 ilitengenezwa kwa kauri ili iwe nyepesi na iwahi kuzunguka. Shinikizo likizidi, kauri hupasuka. Fundi makini hubadilisha turbo kwanza, ndipo aongeze hewa.

Injini ya Supra, 2JZ-GTE, ilijipatia sifa kwa njia ya kimya zaidi. Kipenyo cha silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni milimita 86. Bloku ni ya chuma cha kusubu, kizito lakini kigumu. Krankishafti imeshikwa na beringi kuu 7, na oili hurushwa chini ya kila pistoni ili kuipoza. Kiwandani ilifungwa turbo mbili zinazopokezana, moja ikianza mapema na ya pili ikiingia mzunguko unapopanda. Watu wa kutuni kwa kawaida huziondoa zote na kuweka moja kubwa, kisha nozeli kubwa, pampu ya petroli na kompyuta mpya ya injini. Injini nyingi za aina hii zimefika nguvu za farasi 600 bila kubadilishwa pistoni wala krankishafti.

Adui mkuu wa kazi hii ni joto. Hewa ya nyuzi 25 ikibanwa hadi mara mbili ya shinikizo la angahewa hutoka kwenye turbo ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo sehemu ya faida hupotea. Baya zaidi, mchanganyiko wa moto unaweza kulipuka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia. Hapo fundi husikia injini inagonga, na kugonga huko hutoboa pistoni au kuchoma gasketi ya silinda hedi. Intakula, ambayo ni rejeta ya hewa, hukaa njiani ili kuipoza hewa hiyo. Kompyuta nayo huongeza petroli iwe nyingi kidogo kuliko inayohitajika, kwani mvuke wake huteremsha joto, na huchelewesha cheche. Injini iliyopangwa kwa petroli ya okteni 100 ya Japani, ikinyweshwa petroli ya okteni ndogo huku shinikizo limepandishwa, ina hatari kubwa ya kugonga.

Si kila injini ya enzi hiyo ilijengwa kwa chuma cha kusubu. EJ20 ya Subaru Impreza ina bloku ya alumini na silinda zilizolala pande mbili, na uzito wake hukaa chini, jambo linalolisaidia gari kwenye kona. Ule mngurumo wake wa kudundadunda unaotambulika mitaani Nairobi hutokana na mabomba ya eksozi yenye urefu usiolingana. Mapigo ya moshi huifikia turbo kwa nafasi zisizo sawa. Lakini pistoni zake za kiwandani hazivumilii kugonga kwa muda mrefu, kwa hiyo kutuni Subaru kwa kawaida huanza kwa kupima hali ya injini na kupanga kompyuta, kabla ya kugusa shinikizo.

Akiba haiozi, walisema wahenga, ila chuma hushika kutu na mipira hukauka. Magari haya sasa yana zaidi ya miaka 20. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, hivyo mengi ya yaliyoko nchini humo yaliingia zamani na yamepita mikononi mwa watu kadhaa. Marekani imefanya kinyume: gari likifikisha miaka 25 huachiliwa kuingia, na wanunuzi wa huko wamepandisha bei hadi Japani kwenyewe. Mwaka 2021 Supra ya rangi ya chungwa iliyotumika katika filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa mnadani kwa dola 550,000.

Viwanda vimebadilika pia. Injini ya lita 2 ya Mercedes-AMG iliyotoka 2019 huondoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 421. Vihisi na kompyuta huisogeza karibu na ukingo wa uwezo wake tangu siku ya kwanza, na anayetaka kuiongezea hupata nafasi finyu zaidi. Kwa injini za kale, kampuni zenyewe zimerudi kazini. Nissan ilianza kutengeneza tena vipuri vya R32 mwaka 2017, na Toyota ikafuata kwa Supra za vizazi viwili, kwa hiyo fundi anayefungua 2JZ leo anaweza kuagiza baadhi ya sehemu mpya kutoka kwa waliolitengeneza gari lenyewe.